Sikiliza mpaka chemko: majibu kwa wapenzi wa nyimbo

Wiki tatu zilizopita niliomba jambo moja tu hapa: nitajieni wimbo mmoja mnaoupenda, wa zama zozote na wa aina yoyote, na mniambie mliusikia wapi mara ya kwanza. Barua zimekuja kutoka Handeni mpaka Marekani, na nyingi zimekuja na maswali. Leo najibu yale ambayo sikuweza kulala bila kuyajibu. Majina ya walioandika nimeyaacha, wenyewe mtajijua.

Shikamoo shangazi. Unatuuliza sisi nyimbo zetu, lakini wa kwako hujautaja. Ni upi? (Kijana, Handeni)

Marahaba mwanangu. Wa kwangu ni "Neema" wa DDC Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, sauti ya Cosmas Chidumule. Na kwa kuwa umeuliza, nitakueleza vizuri.

Nyumbani kwetu Tanga, kaka yangu mkubwa alikuwa na redio kaseti. Miaka ile redio ilikuwa Redio Tanzania, basi. Bendi zilikuwa zinarekodi kwenye studio za redio pale Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, na nyimbo nyingi hazikupata kutoka kwenye santuri. Ukiupenda wimbo huna duka la kwenda kuununua. Unauvizia hewani. Kaka alikuwa anakaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodia, sisi wadogo tumeambiwa tusikohoe, mama naye anaombwa asipige kinu uani kwa dakika kumi tu.

Jioni moja akaunasa "Neema". Maneno yakaisha, magitaa yakabadilisha mwendo, tarumbeta zikaingia, chemko, ile sehemu ya kuchezea, ndiyo kwanza inaanza, mara ngoma ya taarifa ya habari: saa mbili usiku. Kaka akazima. Tangu siku hiyo, kwa sisi watoto wa nyumba ile, "Neema" uliishia hapo. Tulikuwa tunauimba wote, tukifika pale tunapiga meza kama ngoma ya habari, tunacheka, tunaanza upya. Mimi nilikua nikiamini kabisa kwamba wimbo hauna zaidi ya pale.

Mwaka 1996 nilipanda basi kwenda Dar. Tumesimama Muheza, wachuuzi wa machungwa wamejaa madirishani, dereva akaweka kanda. "Neema". Nikawa naimba kimoyomoyo, pale mahali pakafika, nikasubiri ngoma. Haikuja. Gitaa la solo likaendelea, tarumbeta zikajibizana nalo, mtu akapiga kelele ya furaha humo ndani ya wimbo, na chemko ikawaka mpaka basi limeshaondoka na mwenye machungwa anakimbia kudai hela yake. Niliyashika machungwa yangu mawili mpaka tukakaribia Segera, sijamenya hata moja.

Ndiyo maana nawasumbua kila siku: wimbo wa dansi una nyumba mbili. Ya kwanza ni ya maneno, unakaa na kinywaji chako unasikiliza mtu anavyolalamika au anavyosifu. Ya pili ni chemko, pale walioketi wanainuka. Siku hizi naona vijana wanafungua wimbo wa Sikinde kwenye simu, dakika ya pili wanaruka kwenda mwingine. Ni sawa na kusoma barua ukaitupa kabla hujafika kwenye jina la aliyeiandika.

Mjukuu wangu ana miaka 16, anataka kumjua Mbaraka Mwinshehe. Nimwanzishie wapi? Nyimbo ni nyingi mno. (Mzee, Morogoro)

Mzee wangu, shikamoo. Wewe uko Morogoro, kwa hiyo usianze na simu. Anza na miguu. Mtembeze huyo mtoto mjini, umwambie kwamba mji huu mdogo ulio chini ya Uluguru ulikuwa na bendi mbili ambazo nchi nzima ilikuwa inazigombania: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz. Salum alifariki kwa ajali mwaka 1965, na ni katikati ya miaka hiyohiyo kijana Mbaraka akaingia Morogoro Jazz na gitaa lake. Ukimsikilizisha kwanza Salum Abdallah, na ile rumba yake iliyokuwa inanukia Cuba, halafu Mbaraka, atasikia mwenyewe jinsi gitaa lilivyoacha kumfuata mwimbaji likaanza kuzungumza lenyewe.

Kisha mpe "Shida". Kila mtu ataniambia huo umeshachuja kwa kupigwa. Haujachuja. Mtoto wa miaka 16 hajausikia hata mara moja akiwa ametulia. Mwambie asikilize jambo moja tu: Mbaraka anapomaliza mstari, gitaa linaurudia mstari ule kwa namna yake, kama mtu aliyekubaliana na msemaji lakini ana la kuongeza. Hicho ndicho kipaji chake. Wapiga magitaa wazuri tulikuwa nao, lakini wa kukufanya uhisi gitaa limekuelewa walikuwa wachache.

Umwambie na haya, maana ni ya fahari ya mji wenu. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka akaanzisha Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34. Miaka 34, mzee wangu. Mimi hilo kila nikilifikiria nanyamaza kwanza.

"Malaika" ni wimbo wa nani hasa? Tumebishana kazini mpaka chai ikapoa. (Mhudumu wa benki, Nakuru)

Aliyeurekodi ukajulikana ni Fadhili William, Mkenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Adam Salim, Mtanzania, alidai mpaka uzeeni kwamba ni yeye aliyeutunga kabla ya hapo, na ubishi huo haujapata mwamuzi. Miriam Makeba aliuchukua akauzungusha dunia nzima. Boney M nao waliuimba.

Mkibishana kuhusu mtunzi hamtamaliza. Bishaneni kuhusu nani ameuimba vizuri zaidi. Mimi nasimama na Fadhili William. Makeba anauimba kwa uzuri wa kutisha, lakini ni malkia, na malkia hakosi mahari. Ule ni wimbo wa kijana asiye na mali. Kwenye sauti ya Fadhili unaisikia mifuko mitupu.

Dada yangu, assalaam alaykum. Mama yangu alizaliwa Unguja, sasa tuko Maskat zaidi ya miaka 40. Akiwa jikoni huimba "Muhogo wa Jang'ombe". Watoto wangu wanasema ni wimbo wa Bi Kidude, mama anasema ni wa zamani zaidi. Nani mkweli? (Msomaji, Maskat)

Wa alaykumu salaam. Mama yuko sahihi, na watoto nao wana haki yao.

Wimbo huo ni wa hazina ya Siti binti Saad. Siti alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, akawa anauza vyungu, anatembea navyo akivitangaza kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomtoa shamba ikamleta mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kufanya hivyo. Kabla yake taarabu ilikuwa ya majumba ya wakubwa na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili cha Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji wa Unguja, cha wapishi, wachukuzi na wauza samaki. Alipoimba kuhusu Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke akavuka bara, alikuwa anaimba kesi ambayo mji mzima ulikuwa unaizungumza vibarazani. Santuri zile zilinunuliwa na watu waliokuwa wanasikia lugha yao ikitoka kwenye sanduku kwa mara ya kwanza. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima, akamwandikia wasifu.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, alikuwa bado mtoto Siti alipokuwa anatamba, na alijifunza nyimbo kwa kumsikiliza. Akaishi muda mrefu kuliko wote, akazibeba nyimbo zile mpaka Ulaya, mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, na alifariki Aprili 2013. Kwa hiyo watoto wako wameusikia kwa aliyeutunza, na mama ameupokea kutoka kwa vizazi vilivyomsikia mwenyewe.

Nina ombi. Humo ndani mna yale maneno ya kutowatukana wakunga na uzazi ungaliko. Muulize mama aliyasikia kwa nani, akiwa wapi, na huyo mtu alikuwa anafanya nini wakati anaimba. Muulize akiwa palepale jikoni, mikono yake iko kwenye unga, usimkalishe sebuleni na kumwekea simu mbele ya uso. Kumbukumbu za wimbo hukaa mikononi. Nimeliona kwa marehemu bibi yangu: ukimwomba aimbe ameketi, mistari miwili anapotea, akiwa anakuna nazi, anakuimbia beti sita na kukuambia nani alikuwa anagombana na nani.

Shangazi shikamoo. Baba anasema Bongo Fleva si muziki, ni makelele ya watu wasiojua kupiga hata gitaa. Yeye ni wa Msondo na Sikinde tu. Nimpe nyimbo gani zimbadilishe? (Kijana wa kiume, Mwanza)

Marahaba. Kwanza usimwendee baba kama unakwenda kushinda. Mtu aliyekulia kwenye ukumbi, bendi ya watu kumi na zaidi mbele yake, waimbaji wanne wamejipanga wanapokezana, ana haki ya kuuliza hao wapigaji wako wapi. Swali lake ni zuri. Mpe jibu zuri.

Jibu lenyewe ni kwamba Bongo Fleva bora ilirithi kutoka dansi kitu ambacho baba anakipenda bila kukijua: hadithi. Mwekee "Ndio Mzee" wa Profesa Jay, wa mwaka 2001. Mwanasiasa amesimama jukwaani anaahidi mambo yasiyowezekana, na umati unamjibu kila ahadi. Usimwambie baba ni wimbo wa nani. Mwache asikilize. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kampeni juani atainua kichwa kufikia ahadi ya tatu. Baadaye ndiyo umwambie kwamba mwimbaji huyo mwaka 2015 alikuja kuwa mbunge wa Mikumi, mtakuwa na mazungumzo mpaka usiku.

Wa pili, "Starehe" wa Ferooz akishirikiana na huyohuyo Profesa Jay. Mimi wimbo ule siwezi kuusikiliza nikiwa peke yangu. Ulitoka wakati ambao kila mtaa ulikuwa na nyumba yenye mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautajwi, na vijana wale wakautaja Ukimwi wazi, kijana aliyekula raha akisimulia anavyolipa. Baba ana umri wa kukumbuka miaka ile. Atakuwa ana mtu wake.

Wa tatu, ikiwa nyumbani mna damu ya Bukoba, na Mwanza wako wengi, mpe "Maria Salome" wa Saida Karoli, ule watu wanaouita "Chambua kama karanga", wa Kihaya. Mkimaliza mwekee "Salome" wa Diamond Platnumz na Rayvanny wa mwaka 2016, uliojengwa juu ya huohuo. Hapo ataisikia ngoma ya kwao imepita kwa mwanamke mmoja na sauti yake ikafika kwenye kumbi za watoto waliozaliwa juzi. Anaweza asiupende huo wa pili. Lakini hatasema tena kwamba hauna asili.

Za TID na Lady Jaydee, yaani "Zeze" na "Machozi", ziweke akiba kwa ajili ya mama.

Na wewe sasa, deni lako: ukae na baba usikilize wimbo mmoja wa Msondo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, simu iko chumba kingine. Msondo ni bendi iliyoanza kama NUTA Jazz miaka ya 1960, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, majina yanabadilika kila jumuiya ya wafanyakazi inapobadilika jina, na Muhidin Gurumo alikuwa mmoja wa waimbaji wake wakubwa. Baba atakuonyesha chemko inapoanza. Mwache akuonyeshe, hata kama umeshaisikia.

Sisi watu wa Kindu tunasikia Tanzania munasema Remmy Ongala ni wenu. Alizaliwa kwetu. Munatuibia? (Msomaji, Kindu, Maniema)

Ndugu yangu wa Kindu, salamu nyingi. Hatujawaibia, mlitupa. Ni kweli alizaliwa kwenu mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila, na alipofariki Desemba 2010 mji ulimlilia kama mtoto wake. Mpaka leo ukipanda daladala za Sinza, kondakta atakuuliza kama unashuka "kwa Remmy". Kituo kimepewa jina la nyumba yake, na wanaoshuka hapo wengine hawajawahi kusikia wimbo wake hata mmoja. Sijui kama kuna heshima kubwa zaidi ya kuwa mahali ambapo watu wanashuka kwenda nyumbani kwao.

Alichotuletea ni gitaa la Kongo na ulimi usioogopa. Bendi zetu zilikuwa zinaimba mapenzi na mawaidha. Remmy aliimba umaskini kwa kuutaja. Alipoimba "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu wakati hata neno lenyewe halitamkwi mbele za watu, redio haikutaka kuupiga, na watu wakaujua wote. Albamu zake mbili zilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World, ya kwanza mwaka 1989, na bado aliendelea kuwa mtu wa Sinza.

Mimi wa kwangu kwake ni "Kifo". Anakiita kifo, anakihoji ana kwa ana kama mtu anayemhoji mkopeshaji mlangoni. Tuliupiga kwenye matanga ya mjomba wangu, usiku wa pili, baada ya watu wa kwaya kwenda kulala. Mzee mmoja akasema tuuzime, haufai msibani. Mjane akasema uachwe. Ukaachwa, ukapigwa mpaka mwisho, na alipomaliza kusikiliza akaomba chai, kitu cha kwanza alichoomba tangu mazishi.

Dadangu, mwanangu aolewa mwezi ujao. Vijana wataka taarabu ya kisasa ya vijembe, mimi nataka za zamani. Na je, ni kweli haifai kupiga wimbo wa huzuni harusini? (Mama, Kisauni, Mombasa)

Mama harusi, hongera sana. Vijembe viweke usiku wa wanawake wenyewe kwa wenyewe, huko ndiko kwao. Lakini bibi harusi anapotolewa, tafadhali, mpe "Jino la Pembe" wa Zuhura Swaleh na Maulidi Musical Party. Nyinyi watu wa Mombasa mna kitu ambacho Unguja hawana: ile tashkota, ala ndogo ya nyuzi yenye vitufe kama vya taipu. Inalia kwa haraka, kama shanga zinazomwagika kwenye sakafu. Na chini yake ni chakacha. Hakuna mwanamke wa pwani anayeweza kukaa chini ikilia hiyo.

Kuhusu huzuni, mimi sikatai sauti ya huzuni, nakataa maneno yasiyosikilizwa. Tanga kwetu nimehudhuria harusi ambapo walipiga "Kifo cha Mahaba" wa Shakila kwa sababu tu muziki ni mtamu. Bibi harusi ameketi kitini anamezea, mama wa bwana harusi anatikisa kichwa kwa raha. Sikiliza kila wimbo wa orodha yako beti kwa beti kabla ya siku. Vilevile Juma Bhalo, Mungu amrehemu: ana nyimbo za kusifu zinazomfaa bibi harusi kama vazi lililoshonwa kwake, na ana nyingine za mtu aliyeachwa zenye sauti ileile nzuri. Usizichanganye.

"Kasongo" umerudi tena Nairobi, kila mtu anauimba na hatujui tunachoimba. Je, kuna haja ya kuelewa maneno? (Msomaji, Umoja, Nairobi)

Orchestra Super Mazembe walitoka Kongo wakapitia Zambia wakafika Nairobi mwaka 1974, na "Kasongo" ni Kilingala. Ni mwanamke anamwita mume wake arudi nyumbani. Ukishalijua hilo, rudi uusikilize: ile sauti uliyokuwa unacheza nayo ni ya mtu anayebembeleza. Utacheza vilevile, lakini polepole kidogo. Kwa hiyo ndiyo, haja ipo. Hata "Mario" wa Franco, wa mwaka 1985, tulioucheza bila kujua neno, siku nilipotafsiriwa kwamba Franco anamsema kijana msomi anayelishwa na mwanamke tajiri aliyemzidi umri, nilianza upya kabisa. Nikagundua kwa nini watu wazima walikuwa wanacheka sehemu ambazo sisi watoto tulikuwa tunarukaruka.

Wenyewe Mazembe wana "Shauri Yako" kwa Kiswahili, huo hauhitaji mkalimani. Na kwa kuwa uko Nairobi, usiache "Sina Makosa" wa Les Wanyika, wa 1979: mwanamume anamtuliza mwenzake mwenye wivu, kwa Kiswahili kilichonyooka. Halafu weka sikio kwenye gitaa la besi la Tom Malanga. Wimbo wote umekaa juu yake kama nyumba juu ya msingi. Nimewahi kumwona fundi seremala Gikomba akipiga randa kwa mapigo yale, hakosi hata moja.

Nyimbo za kwaya zinahesabiwa? Wa kwangu ni "Kwetu Pazuri". (Muuguzi, Kigoma)

Zinahesabiwa, tena sana. Ambassadors of Christ ni kwaya ya Waadventista wa Kigali, na wameuimba wimbo huo kwa Kiswahili ukapita mipaka yote ya maziwa bila pasi. Umeniandikia kwamba unauimba kwa sauti ya chini ukibadilisha dripu zamu ya usiku, na kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa hajasema neno kwa siku tatu alikuitikia sauti ya besi. Sina cha kuongeza juu ya hilo.

Shikamoo. Baba alifariki mwaka jana hapa Minnesota. Alikuwa anapiga mluzi wimbo mmoja kila akifyeka theluji mlangoni. Sijui jina, nakumbuka tu kwamba akichoka mluzi alikuwa anaimba "Zuwena". Nimetafuta mtandaoni, unatoka wimbo wa Diamond, na sio huo. Unaweza kunisaidia? (Binti, Minnesota)

Marahaba binti yangu. Pole sana kwa baba.

Nadhani naujua. Wa Diamond ni wa mwaka 2023 na ni wimbo mwingine kabisa. Tafuta "Zuwena" ukiongeza jina Marijani Rajabu, au Dar International. Marijani alikuwa mtoto wa Kariakoo, watu walimwita Jabali la Muziki. Alianza kung'ara na Safari Trippers miaka ya 1970, wenye "Georgina", kisha akaongoza Dar International na mtindo wao wa Super Bomboka. Alifariki mwaka 1995. Sauti yake haina papara. Hata anapolalamika, analalamika kama mtu aliyekwisha kusamehe.

Kama baba yako alikuwa kijana Dar miaka ya 1980, basi huenda aliusikia ukumbini, amesimama, shati limelowa jasho. Akaubeba mpaka kwenye theluji.

Ukiupata, usiusikilize kwenye basi wala kazini. Subiri siku una nafasi, ukae karibu na ule mlango aliokuwa anaufyekea, uuache wote upite. Baada ya maneno kutakuwa na sehemu ndefu ya magitaa, usiikate. Watu wanaopiga mluzi mara nyingi hawaigi sauti ya mwimbaji, wanaiga gitaa la solo. Halafu niandikie tena uniambie mluzi wa baba ulikuwa upi kati ya hizo mbili. Na ikiwa sio huu, nitumie mluzi wenyewe, jirekodi tu kwenye simu kama unavyoukumbuka. Nitampigia kaka yangu Tanga. Bado ana ile redio kaseti, na masikio yake ni mazuri kuliko yangu.